Kutoka Jakarta Hata Jeddah: Hesabu ya Safari ya Angani

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia baada ya darasa akaniuliza: "Maalim, ndege yaondoka Jakarta saa nne za asubuhi, nayo yatua Jeddah saa tisa u nusu za alasiri. Je, imeruka saa tano na nusu tu?" Nikamjibu: "La, mwanangu. Imeruka saa tisa na nusu. Saa nne zilizobaki zimo katika tofauti ya saa za miji hiyo miwili."

Ndugu wasomaji, hesabu hii si ya mchezo, kwani Indonesia ndiyo nchi ipelekayo mahujaji wengi kuliko nchi zote. Baina ya viwanja hivyo viwili pana kilomita 7,970 hivi, zikipimwa kwa njia iliyo fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ndege kubwa huenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa. Gawanya, nawe utapata saa tisa na dakika chache. Ongeza muda wa kupanda na wa kushuka, utaona hesabu imetimia.

Ama saa za ukutani, Jakarta imeitangulia Jeddah kwa saa nne, kwa kuwa iko mashariki, na jua huchomoza huko kwanza. Aendaye magharibi hulifuata jua, na mchana wake hurefuka. Aliyefunga Jakarta kabla ya alfajiri, jua litamchelewea kuchwa kwa zaidi ya saa nne. Naye ni msafiri. Akiona mashaka, ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Lakini liko jambo zito zaidi. Zamani mahujaji wa Indonesia walisafiri kwa meli, majuma kadhaa baharini, mpaka serikali yao ilipokomesha safari hizo mwaka 1979. Msafiri wa meli alikuwa na siku nyingi za kujitayarisha. Leo wengi waendao Jeddah moja kwa moja hutia nia ya ihram ndegeni, wafikapo usawa wa Yalamlam, miqaati iliyo kusini ya Makka. Nayo huja kabla ya kutua! Hata ndege ikipunguza mwendo hata kilomita 600 kwa saa, kila dakika hupita kilomita 10. Usingizi wa dakika tano ni kilomita 50. Mtu ataamka miqaati iko nyuma yake, na ndege hairudi kwa ajili ya mmoja.

Basi, enyi vijana, mnapowasindikiza wazee wenu, wahesabieni mambo matatu: masafa, muda wa angani, na saa ya mji waendao. Na nguo za ihram zivaliwe mapema, wala zisitiwe katika mzigo ulio chini ya ndege. Elimu ndogo ya hesabu huihifadhi ibada kubwa.