Je, Wajua? Chuo Kilicho Kifuani

Ukipekua hudi za kamera, yaani mitumba ya daraja la kwanza, Soko la Toi jijini Nairobi hukosi majina ya vyuo vya Marekani: TENNESSEE, STANFORD, UCONN. Muuzaji huangalia zipu na uzito wa kitambaa. Sisi tuangalie mpira wa kikapu wa akina dada katika vyuo hivyo.

Je, wajua kuwa Stanford ilipokutana na Chuo Kikuu cha California mwaka 1896, mechi iliisha 2-1 na wanaume walizuiwa kutazama?

Je, wajua kuwa bingwa wa taifa wa 1972 alikuwa Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki huko Pennsylvania? Mashindano yalichezewa Illinois na pesa hazikuwepo. Wachezaji wakauza miswaki kuchangisha nauli, na bado ni wanane tu waliosafiri. Kwenye mechi zao, watawa walishangilia kwa kugonga ndoo. Taji likabaki kwao 1973 na 1974. Hudi ya Immaculata ukiiona Toi, usibishane bei.

Je, wajua kuwa 1982 kulikuwa na mabingwa wawili? AIAW, chama kilichoendesha michezo ya wanawake vyuoni, kilifanya mashindano yake ya mwisho: Rutgers 83, Texas 77. Msimu huohuo NCAA, iliyozoea wanaume, ikaanzisha yake kwa timu 32, na AIAW ikafa. Fainali ya NCAA, Louisiana Tech iliilaza Cheyney 76-62. Cheyney ilianzishwa 1837 kusomesha Weusi, na kocha wake alikuwa C. Vivian Stringer. Hakuna chuo kingine cha aina hiyo kilichowahi kufika fainali hiyo.

Je, wajua kuwa kwenye mashindano ya NCAA ya 1998 Harvard, iliyopangwa ya mwisho katika kanda yake, iliitoa Stanford, iliyopangwa ya kwanza, 71-67?

Na UConn? Mwaka 2009 wasichana walimaliza msimu 39-0, na kombe juu. Wavulana, wakiwa na Mtanzania wetu Hasheem Thabeet, waliishia nusu fainali.

Je, wajua kuwa 2021 mchezaji Sedona Prince wa Oregon alirekodi kwa simu vyuma vya mazoezi walivyopewa wanawake kwenye mashindano ya NCAA huko San Antonio? Rafu moja ndogo. Wanaume walipewa ukumbi mzima.

Miaka mitatu baadaye, South Carolina ikiifunga Iowa 87-75 kwenye fainali ya wanawake, Wamarekani milioni 18.9 walitazama. Fainali ya wanaume: milioni 14.8. Mgao wa fedha za NCAA kwa kila hatua timu inayopiga, ambao wanaume waliupata tangu 1991, ulianza kuwafikia wanawake 2025.