Viungo vya kununua: ahadi ya “ukurasa wa kwanza” inavyoweza kuigharimu tovuti

Wamiliki wa tovuti za biashara na taasisi wanashauriwa kuchukua tahadhari wanapoahidiwa, kwa malipo, kufikishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo ya Google ndani ya muda mfupi. Mara nyingi huduma inayouzwa nyuma ya ahadi hiyo ni viungo kutoka mitandao ya blogu za kulipiwa, na adhabu inapotolewa humwangukia mwenye tovuti aliyenunua, huku muuzaji akiwa amekwishapokea fedha zake.

Ili kuelewa hatari hiyo, ni vyema kufahamu kwanza kwa nini viungo vina thamani. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza mfumo wa PageRank uliokuja kuwa msingi wa Google. Katika mfumo huo, kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine huhesabiwa kama udhamini. Tovuti inayodhaminiwa na wengi, hasa na wenye kuaminika, hupanda katika orodha ya matokeo. Google hutumia vigezo vingine vingi pia, lakini udhamini huo bado una uzito.

Penye thamani hapakosi soko. Mtandao wa blogu za kulipiwa ni kundi la tovuti, makumi au mamia kwa idadi, zinazomilikiwa au kuratibiwa na mtu mmoja kwa lengo la kuuza udhamini. Mara nyingi mmiliki hununua majina ya tovuti ambayo wenyewe wa awali waliacha kuyalipia, kwa kuwa majina hayo bado yana viungo vya zamani vinavyoyapa heshima. Kisha hujaza humo makala fupi zisizo na msomaji, na ndani ya kila makala huweka kiungo cha mteja aliyelipa. Mteja huonyeshwa orodha ndefu ya viungo vipya, na kwa majuma kadhaa huenda tovuti yake ikapanda kweli. Kupanda huko ndiko kunakomshawishi aongeze malipo.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa kampuni ya maduka ya J. C. Penney ya Marekani. Mwezi Februari 2011, gazeti la The New York Times lilifichua kuwa maelfu ya viungo vilivyowekwa katika tovuti zisizohusiana kabisa na biashara yake vilikuwa vikiielekea tovuti ya kampuni hiyo. Kwa miezi kadhaa, ikiwamo msimu wa manunuzi ya sikukuu, ilikuwa ikiongoza katika matokeo ya bidhaa nyingi, kuanzia magauni hadi mazulia. Baada ya Google kuchukua hatua, nafasi ya kampuni hiyo katika utafutaji wa samani za sebuleni ilishuka kutoka ya 1 hadi ya 68 ndani ya saa mbili. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo na ikasitisha mkataba na wakala wake wa utafutaji. Pamoja na utetezi huo, iliyoadhibiwa ni tovuti yake.

Mwaka uliofuata, hatua zililenga mitandao yenyewe. Mwezi Machi 2012, mtandao wa Build My Rank, uliokuwa ukiuza nafasi za makala katika blogu zake kwa ada ya mwezi, ulitangaza kufunga huduma baada ya sehemu kubwa ya blogu hizo kuondolewa katika matokeo ya Google. Wateja walipoteza kwa siku chache viungo walivyovilipia kwa muda mrefu. Tarehe 24 Aprili mwaka huohuo, Google ilianza kutumia mfumo wa Penguin dhidi ya viungo vya hila, na kueleza kuwa ungegusa takribani asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Katika miaka hiyo, tovuti iliyoshushwa na mfumo huo ilibidi isubiri uhuishwe ndipo itathminiwe upya, hata kama ilikuwa imekwisha kujisafisha. Mfumo huo haukuhuishwa tena baada ya awamu ya Oktoba 2014 hadi Septemba 2016, takribani miaka miwili. Kwa biashara ndogo inayotegemea wateja wa mtandaoni, muda huo unatosha kuifunga.

Hata Google yenyewe haikujihurumia. Mwezi Januari 2012, ukurasa wa kupakua kivinjari chake cha Chrome ulishushwa katika matokeo kwa siku zisizopungua 60, baada ya kubainika kuwa kampeni ya matangazo iliyohusisha wanablogu wa kulipwa ilikuwa imezaa kiungo kilichokiuka kanuni za kampuni hiyo.

Hivi sasa hasara huja kimyakimya zaidi. Mwezi Desemba 2022, Google ilitangaza kutumia mfumo wake wa SpamBrain kutambua tovuti zinazonunua viungo na zile zilizoundwa kwa ajili ya kuviuza. Kiungo kinachotambuliwa hufutiwa thamani, na nafasi iliyopatikana kwa njia hiyo hupotea. Mwenye tovuti huenda asipokee onyo lolote, akaendelea kulipa kila mwezi kwa kitu kisichohesabiwa tena.

Aidha, suala hili linagusa haki za mlaji. Mwishoni mwa mwaka 2010, mamlaka ya biashara ya haki ya Uingereza ilichunguza mtandao mmoja wa blogu za kibiashara na kuupa sharti la kuweka wazi kwa msomaji kila sifa iliyolipiwa. Msomaji asiyejua kuwa sifa anazosoma zimenunuliwa hufanya uamuzi wake kwa taarifa pungufu.

Hatari nyingine huzipata hata taasisi zisizonunua chochote. Shule, chama cha ushirika au asasi inayoacha kulipia jina la tovuti yake inaweza kukuta jina hilo limechukuliwa na kutumika kutangaza kamari au dawa zisizothibitishwa. Kulipia jina kwa wakati, na kulisajili kwa jina la taasisi badala ya la fundi aliyejenga tovuti, ni kinga ya gharama ndogo.

Ikumbukwe kuwa kulipia tangazo katika tovuti ya mwingine si kosa kwa kanuni za Google. Kinachotakiwa ni kiungo hicho kiwekewe alama ya “sponsored” katika msimbo wa ukurasa, utaratibu ulioanzishwa Septemba 2019, ili kisihesabiwe kama udhamini wa hiari. Kabla ya kusaini mkataba, mwenye tovuti aulize viungo vitawekwa wapi, nani anamiliki tovuti hizo, zina wasomaji gani, na kama viungo vitabaki malipo yakikoma. Wakala anayekataa kutaja tovuti hizo, au anayetoa hakikisho la nafasi ya kwanza, anafaa kuepukwa. Google yenyewe hueleza kuwa hakuna awezaye kuhakikisha nafasi hiyo.

Kwa aliyekwisha kununua, hatua ya kwanza ni kusitisha malipo. Kisha afungue huduma ya bure ya Search Console, ambako ataona orodha ya viungo vinavyoielekea tovuti yake na taarifa ya adhabu ikiwa ipo. Aombe viungo vya kununua viondolewe. Visivyoondolewa avikane kwa kutumia zana iliyotolewa na Google tangu Oktoba 2012. Pale ambapo adhabu imetolewa na wakaguzi wa kampuni hiyo, awasilishe ombi la kufikiriwa upya, akieleza bila kuficha kilichofanyika na marekebisho aliyoyafanya.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tovuti yenye bei zilizo wazi, anwani sahihi, picha halisi na majibu ya maswali ambayo wateja huuliza kila siku hupata udhamini polepole, lakini udhamini huo hautegemei ada ya mwezi wala siri ya muuzaji.