Mwanasoka, imarisha misuli ya nyuma ya paja

Umewahi kumwona mchezaji akikimbiza mpira pembeni mwa uwanja, hakuna aliyemgusa, kisha ghafla akashika nyuma ya paja na kuanza kuchechemea? Mara nyingi mashabiki humzomea wakidhani anapoteza wakati. Huenda nyuzi za msuli wake zimechanika, na atakaa nje kwa majuma kadhaa.

Jeraha hili ndilo linalowasumbua zaidi wanasoka wa kulipwa barani Ulaya, ambako rekodi huwekwa kwa makini. Katika uchunguzi wa klabu kubwa unaofanywa na shirikisho la UEFA, lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02. Kufikia msimu wa 2021/22 lilikuwa limepanda hadi asilimia 24. Wachezaji hao wana madaktari na wakandaji. Kijana wetu anayecheza mashindano ya mitaani, kama yale ya Koth Biro pale Ziwani, Nairobi, hana hata barafu. Na ikiwa mpira ndio uliomtafutia nafasi ya shule au kibarua katika timu ya kampuni, majuma sita nje yanaweza kumharibia mengi.

Kwa nini msuli huu uchanike bila kuguswa? Unapotimka mbio, mguu hurushwa mbele kwa nguvu. Kabla haujakanyaga chini, misuli ya nyuma ya paja huwa na kazi ya kuuzuia, kama breki. Wakati huo huo misuli hiyo inavutwa na kurefuka. Ikiwa ni dhaifu, au imechoka mwishoni mwa kipindi, inashindwa na mvuto huo.

Hapa ndipo makocha wengi wanapokosea. Kuwazungusha wachezaji uwanja mara ishirini hujenga pumzi, lakini hakuzoeshi msuli kuzuia huku ukivutwa. Kunyoosha viungo pekee pia hakutoshi. Msuli unahitaji nguvu.

Kuna zoezi moja lisilohitaji chuma wala senti. Piga magoti juu ya gunia lililokunjwa au nyasi laini. Mwenzako ashikilie vifundo vya miguu yako kwa nguvu visiinuke. Nyosha mwili kuanzia magotini hadi mabegani, usikunje kiuno. Sasa jiachilie uende mbele polepole, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja kwa muda mrefu uwezavyo. Ukishindwa, jidake kwa mikono, kisha jisukume nayo urudi juu. Usione haya ukianguka mapema. Siku za kwanza karibu kila mtu huanguka.

Huko Denmark, zoezi hili lilijaribiwa na timu 50 zenye wachezaji 942, na matokeo yakatangazwa mwaka wa 2011. Timu zilizolifanya zilipata majeraha 15 ya misuli hiyo, ilhali zile zilizoendelea na mazoezi ya kawaida zilipata 52.

Juma la kwanza walilifanya siku moja tu: mara 5, wakapumzika, kisha mara 5 tena. Juma la pili wakalifanya siku mbili, mara 6 kwa awamu mbili. Kuanzia juma la tatu zilikuwa siku tatu kwa juma, awamu tatu, wakiongeza idadi kidogo kidogo mwanzoni, kisha wakaendelea hivyo hadi juma la kumi. Baada ya hapo, siku moja kwa juma ilitosha kuitunza nguvu hiyo. Usiruke hatua. Ukianza kwa pupa utaamka huwezi kuketi chooni, na utaliacha kabisa. Maumivu kidogo ya siku mbili tatu ni ya kawaida. Lifanye ukiwa umeshapasha mwili joto, au mwisho wa mazoezi, lakini si siku moja kabla ya mechi.

Na ukiwa umeshaumia? Toka uwanjani mara moja. Funga barafu kwa kitambaa, uiweke mahali panapouma kwa dakika 10 hadi 15, kisha ufunge bendeji. Wale wanaokimbilia kusugua kwa nguvu na dawa za kuchoma wanaongeza damu inayovuja ndani. Usikandwe siku hizo za mwanzo.

Kosa kubwa zaidi ni kurudi kabla ya wakati kwa sababu kuna fainali Jumapili. Msuli uliochanika mara moja ni rahisi kuchanika tena, na mara ya pili mara nyingi hukaa zaidi kupona. Usirudi mpaka uweze kutimka kwa kasi yako yote, mara kadhaa, mazoezini, bila maumivu wala woga.

Lakini ikiwa ulisikia kitu kikikatika, paja likageuka rangi na huwezi kutembea, usingoje barafu ifanye kazi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.