Kunyoa kwa Maji ya Moto au Maji Baridi: Lipi Linalolinda Afya Yako?



Swali la maji ya kunyolea huulizwa mara nyingi, majumbani na kwa vinyozi. Jibu lake fupi ni hili: maji ya uvuguvugu huirahisisha kazi, na maji baridi hayana madhara kwa anayeyapendelea. Hata hivyo, maji ya bomba, yawe ya moto au baridi, hayaui vijidudu vilivyoganda kwenye wembe. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza maji ni ya namna gani, uliza wembe umetoka wapi na umemgusa nani.

Kazi ya maji kwenye unywele

Unywele umeumbwa kwa keratini, dutu ile ile iliyomo katika ukucha. Ukiwa mkavu huwa mgumu, na wembe huuvuta kabla ya kuukata. Ukilowa, hunywa maji, huvimba kidogo na kulainika. Kazi hiyo huhitaji dakika mbili hadi tatu. Maji ya uvuguvugu huiharakisha. Maji baridi nayo huifanya, ila kwa muda mrefu zaidi. Mafuta ya ngozi huyazuia maji yasipenye, na kwa sababu hiyo inafaa kuosha uso kwa sabuni kwanza. Wakati mwema wa kunyoa ni mara tu baada ya kuoga.

Watu husema kwamba maji ya moto hufungua vitundu vya ngozi na maji baridi huvifunga. Vitundu hivyo havina misuli ya kuvifungua wala kuvifunga. Baridi hubana mishipa midogo ya damu, na hapo mtu huhisi ngozi imekaza, na mkwaruzo mdogo hutoa damu kidogo. Kujimwagia maji baridi baada ya kunyoa huburudisha ngozi, lakini hakusafishi jeraha.

Tahadhari ya maji katika msimu wa joto

Hapa Maskati, kuanzia Mei hadi Septemba, maji ya bomba la baridi huweza kutoka ya moto, kwa kuwa matangi mengi yako juu ya paa na hupigwa na jua mchana kutwa. Siku moja ya mwezi wa Juni 2018, huko Quriyat, joto la hewa halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Nyumba nyingi huzima hita msimu huo na kutumia maji yaliyotulia ndani yake kuwa ndiyo maji baridi. Basi usiiamini rangi ya bomba. Yapime maji kwa kiwiko au kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Yanayofaa ni yale yanayokaribia joto la mwili, yaani nyuzi 37 hadi 40. Maji ya nyuzi 60 huweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi.

Wazazi wanaomnyoa mtoto siku ya saba wazingatie hayo kwa makini. Tumieni maji ya uvuguvugu yaliyopimwa, wembe mpya, na mtu mwenye mkono mtulivu. Utosi wa mtoto bado ni laini, kwa hivyo wembe usikandamizwe. Mtoto akilia na kujitupa, ngojeni atulie. Akiwa na kidonda au upele kichwani, mwonyesheni daktari kabla ya kumnyoa.

Vipele vya ndevu

Wengi wetu wenye asili ya Afrika Mashariki tuna nywele za kipilipili. Unywele wa namna hiyo ukikatwa karibu mno na ngozi hubaki na ncha kali, kisha hujipinda na kuichoma ngozi ulikotoka. Mwili huupokea kama mwiba: pakavimba, pakawasha, na pengine pakatunga usaha. Vipele hivyo haviletwi na maji baridi, wala haviponywi na maji ya moto. Maji ya uvuguvugu na povu la sabuni husaidia kwa kuulainisha unywele tu. Yanayosaidia zaidi ni haya:

- Nyoa kwa kufuata uelekeo wa nywele, wala usiivute ngozi.
- Usikandamize wembe, na usirudie mahali pamoja mara nyingi.
- Tumia mashine inayobakisha urefu mdogo wa nywele badala ya wembe.
- Vipele vikizidi, acha kunyoa kwa wiki kadhaa. Anayefuga ndevu huepukana na sehemu kubwa ya tatizo hili.
- Usivitumbue kwa kucha wala kwa sindano. Vikitoa usaha au kuacha makovu, nenda kituo cha afya.

Hatari isiyoonekana

Wembe hukwaruza ngozi hata pale ambapo damu haionekani. Kupitia mikwaruzo hiyo, virusi vya homa ya ini ya aina ya B na C huweza kutoka kwa mtu mmoja na kuingia kwa mwingine. Virusi vya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7. Kuuchovya wembe katika kikombe cha maji ya moto, au kuupangusa kwa manukato, hakutoshi. Hata jiwe la shabu linalopitishwa kwenye uso wa kila mteja huweza kubeba damu.

Ukiwa kwa kinyozi:

- Taka wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yako, na utupwe ukishatumika.
- Taka taulo safi, na mashine iliyosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu.
- Kataa shabu iliyokwishatumika kwa mtu mwingine.

Kuyauliza hayo hakumvunjii kinyozi heshima. Kunamlinda yeye pia, kwani naye hujikata.

Wanaokwenda Hija na Umra wawe na hadhari zaidi. Siku ya mwezi 10 Mfunguo Tatu umati mkubwa hunyoa kwa wakati mmoja, na vinyozi wa kando ya njia hawakosekani. Nenda kwa kinyozi mwenye kibali, na usishiriki wembe na mwenzako wa safari, hata akiwa ndugu wa damu.

Chanjo na matibabu

Oman ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwaka 1990. Nchi nyingi za Afrika Mashariki zilianza baada ya mwaka 2000. Ikiwa ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuchanjwa. Ulizia kipimo na chanjo katika kituo chako cha afya. Homa ya ini C haina chanjo, lakini dawa za siku hizi huwaponya wengi mno kwa muda wa miezi michache. Aliye na ugonjwa huu hapaswi kuona haya, wala hapaswi kutengwa. Atumie wembe wake peke yake, na apate matibabu.

Ukijikata, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, kisha kandamiza kwa kitambaa safi. Mwenye kisukari achunguze jeraha lake kila siku, kwani huchelewa kupona. Ukikatwa kwa wembe uliotumiwa na mtu mwingine, usingoje dalili. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa chanjo ya homa ya ini B hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 24.