Kuchora mashini kwa kompyuta: AutoCAD ao FreeCAD?



Kazi za serikali tunazijua, zinakawia. Njo maana wengi wetu wa agronomia tunaanza na miradi yetu wenyewe: mashini ya kupukuchua mahindi, ghala ndogo, nyumba ya kuku, tiyo za kumwagilia bustani. Fundi wa kuchomelea vyuma hataki maneno mingi, anataka plani yenye vipimo. Sasa plani hiyo tuichore na programu gani?

Hapa Likasi utasikia jibu moja tu: AutoCAD. Si ajabu. Huu ni muji wa Gécamines, wa Shituru na Panda, na kuchora plani ni ufundi wa zamani hapa, tangu wakati wa penseli na meza ya kuchoria. AutoCAD ilitoka 1982, na faili yake, DWG, imekuwa sawa franka: kila ofisi ya mainjinia inaipokea.

Shida ni bei. Tangu 2016 Autodesk, wenye programu hiyo, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu. Sasa unalipa kwa mwezi ao kwa mwaka, na mwaka mmoja ni karibu dola 2,000. Ukiacha kulipa, inajifunga. Tena kompyuta inapaswa kuguska intaneti kila siku 30 ili leseni ihakikishwe. Mwanafunzi anaipata bure, lakini ya kujifunzia tu. Kuchorea kazi ya kulipwa hairuhusiwi, na ukimaliza masomo haki hiyo inaisha. Kwa hiyo wengi wanabeba kraki kwa flashi. Sitahubiri. Lakini kraki inakuja mara nyingi na virusi, na siku mfadhili atauliza leseni yako iko wapi, utamwambia nini?

FreeCAD ilianza 2002 na Jürgen Riegel, na toleo la 1.0 likatoka paka Novemba 2024. Miaka 22! Leseni yake ni ya wazi: unaweza kuitumia kwa kazi ya kulipwa, kumkopia mwenzako, kuiweka kwa kompyuta 10, hakuna mwenye kukuuliza. Inasema Kifaransa. Ikishaingia, haihitaji tena megabaiti.

Lakini kwangu tofauti kubwa si bei. Tuseme ngoma ya mashini yako ya mahindi ina kipenyo cha milimita 300. Kwa AutoCAD, vile wengi wanaitumia, hiyo ni mistari tu. Fundi akisema bomba aliyo nayo ni ya 273, unafuta na kuchora upya ngoma, mhimili, fremu na kifuniko. Kwa FreeCAD unaandika vipimo ndani ya jedwali. Ngoma inafuata jedwali, fremu inafuata ngoma. Unabadilisha 300 kuwa 273, na kama uliunganisha vizuri, mchoro wote unajirekebisha. Kisha sehemu inayoitwa TechDraw inakutolea karatasi yenye sura ya mbele, ya juu na ya kando, pamoja na vipimo. Upande wa kulipa, kazi ya namna hii ni ya SolidWorks ao Inventor, na hizo pia ni bei kali.

Kuko matata pia. Programu inapatia kila uso wa kipande jina: Face3, Face7. Zamani, ukirudi nyuma na kuongeza tundu moja, majina yalihama, na vyote ulivyoshikiza kwa Face7 vikaenda upande mwingine. Toleo la 1.0 limepunguza shida hiyo sana, halijaimaliza. Kama mwenzako amekupa 0.19, usianze nayo.

Shida ya pili ni DWG. FreeCAD haiifungui bila programu ingine ya kubadilisha faili. Omba wakutumie DXF, utapumua. Na kama ni plani ya nyumba ya kuku tu, LibreCAD inatosha. Haina pande tatu, lakini ni nyepesi, hata kompyuta ya zamani inaibeba.

Mwenye kutafuta kazi kwa mgodi, ajifunze AutoCAD, wataiuliza tu. Mwenye mradi wake wa shamba, mimi ningemwambia FreeCAD bila kusita. Kuko na faida ingine: Open Source Ecology, iliyoanzishwa Marekani 2003 na Marcin Jakubowski, ilijipa lengo la mashini 50, kuanzia trakta hadi mashini ya kufyatua matofali ya udongo. Plani zao ni za wazi, na FreeCAD ni moja ya programu wanazochorea. Unafungua faili, unapunguza vipimo kufuatana na vyuma vinavyopatikana sokoni kwetu, ndipo unaipeleka kwa fundi.