SUKA, LAKINI USINYONGE!

Wiki hii tunaweka kando habari za mastaa na nani kamuacha nani, tunaingia kwenye kazi ya vidole. Nazungumzia kusuka. Na nyie kina kaka, kabla hamjafunua ukurasa wa michezo, ngojeni kwanza: anayeandika hapa ni mwanaume, ndevu anazo, na anasuka.

Kiswahili chetu hapa kina ubahili wa maneno. Nywele tunasuka, ukili tunasuka, kamba tunasuka, na matapeli wa mjini wanasuka mipango ya kukuliza. Neno moja tu kwa yote. Ukikaa kujifunza unaona kwa nini, maana mwendo wenyewe ni mmoja: una nyuzi tatu, wa pembeni unaruka wa kati, halafu wa pembeni wa upande wa pili nao unaruka wa kati. Basi. Unarudia mpaka mwisho. Anayejua kuhesabu mpaka tatu ameshafika nusu ya safari.

Anza na kamba, kwa sababu kamba haina kichwa cha kuuma. Tafuta nyuzi tatu za katani zenye urefu sawa, heri ziwe za rangi tofauti ili ujue upi umekwenda wapi. Zipige fundo, tundika kwenye msumari. Wazee walifunga kwenye dole gumba la mguu, na linafaa mpaka leo. Kulia juu ya kati, kushoto juu ya kati, na kila ukiruka vuta kwa nguvu ile ile. Hapo kwenye "nguvu ile ile" ndipo kazi ilipo! Wengi wetu mkono wa kulia una ubabe, ukiuachia kamba inapinda upande. Andaa uzi mrefu kuliko kamba unayoitaka, karibu mara moja na nusu, maana kusuka kunakula uzi. Na usichanganye na kusokota. Kamba ya usumba inasokotwa, ndiyo maana ukiining'inizia mzigo inataka kuzunguka. Ya kusukwa inatulia.

Ukili nilifundishwa na bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Pemba, ambaye anasuka huku anaangalia televisheni na wala haangalii mikono. Miyaa lazima ilowanishwe kidogo, mikavu inakatika. Ikikaribia kuisha unachomeka mpya chini ya ule wa zamani mapema, na kamwe huungi miwili sehemu moja, la sivyo hapo ndipo mkeka utakapokatikia. "Mjukuu wangu, usiunyonge," alikuwa ananiambia kila jioni. "Ukili ukiunyonga unajikunja, haulali." Likumbuke neno hilo, tunalirudia muda si mrefu.

Mkate je? Sisemi mkate wa kusukuma, huo unaujua. Nasema mkate wa kusuka, ule ambao Wayahudi wanauita challah na kuuweka mezani siku ya Sabato, na Waswisi wanao wao wa Jumapili, Zopf. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano tia kijiko kikubwa cha sukari, chumvi kijiko cha chai, hamira kijiko cha chai na nusu, yai moja, siagi kidogo, na maziwa vuguvugu kama robo lita. Ukande uwe mgumu kidogo kuliko wa maandazi, ukiwa laini misuko inapotelea. Uache uumuke, gawa mara tatu, viringisha ziwe kamba nene za urefu mmoja. Zikigoma kurefuka, ziache zipumzike dakika 10. Kisha suka kwa kulegeza, kwa sababu utaumuka tena na ukibana unapasuka mbavuni. Pakaa yai juu, choma kama nusu saa. Huna ovena? Sufuria nzito, makaa kidogo chini, mengi juu ya mfuniko. Ukiugonga chini ukalia kama ngoma, umeiva.

Sasa tuje kwenye nywele, na hapa ndugu zangu utani tuuweke pembeni.

Mwalimu wangu ni dada yangu mkubwa, ana kibaraza chake cha ususi Magomeni. Alinianzisha na twende kilioni. Unapasua mstari kwa mkia wa kitana kutoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, unachukua nywele kidogo mwanzoni, unagawa mara tatu. Tofauti na kamba, hapa shungi la pembeni linapita chini ya la kati. Ukilipitisha juu msuko unazama, ukilipitisha chini unainuka kama tuta la viazi. Na kila mruko unaokota nywele nyingine kidogo kwenye mstari. Ukilijua hilo, yeboyebo na rasta ni subira tu.

Lakini tazama masista du mjini, hasa pembeni mwa paji na juu ya masikio. Nywele zimerudi nyuma kama bahari ya maji kupwa. Huo si uzee wala si uchawi wa jirani. Nywele ikivutwa wiki kwa wiki shina lake linachoka. Ukiacha mapema, inaota tena. Ukiendelea miaka, pale penye shina panakuwa kovu, na hakuna mafuta ya nazi wala ya nyonyo yatakayootesha nywele kwenye kovu. Waliotia dawa ya kunyoosha wako hatarini zaidi, na rasta nzito zinaongeza mzigo. Wala si tatizo la Waafrika peke yetu: mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliliandika kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakifunga nywele kwa kukaza.

Tunabanwa kwa sababu ya hela. Msuko uliobanwa unakaa muda mrefu, na pesa ya kusuka tena haipo mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi moja sista mmoja alimkaripia dada yangu kwamba mbona analegeza, yeye analipa hela yake. "Mdogo wangu, hapo mbele sikubani," dada akamwambia. "Kisogoni nitakaza kidogo ikae." Sista akasonya, akavuka barabara kwenda kibaraza cha pili ambako wanakaza kote. Hela ya asubuhi nzima ikavuka naye.

Kwa hiyo ukikaa kwenye kiti cha msusi, kabla hujainuka, pandisha nyusi. Zikigoma kupanda, ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa mbele, au ukiwaza panadol ndipo ulale, mwambie afumue ya mbele, asuke upya. Akinuna, mlipe haki yake, nenda nyumbani, fumua ya mbele mwenyewe usiku huo huo. Ya nyuma, kama haikuumi, iache.