Kemikali inayowaka ikigusa ugonjwa wa kusahau

Simu hii huja mara kwa mara kwenye kipindi chetu: bibi amekula, muda mfupi baadaye anadai amenyimwa chakula. Usiku anatoka nje na kupotea njia ya kwake mwenyewe. Majirani wameanza kunong'ona uchawi, na hapa Chunya tunajua mnong'ono huo unaweza kumfikisha wapi mzee.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza alichokiona kwenye ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki akiwa na hali kama hiyo. Kati ya seli kulikuwa na madoa. Leo tunajua ni protini iitwayo amiloidi, iliyoganda na kurundikana.

Yanaonekanaje? Fikiria wakala anayepitisha noti chini ya taa ya zambarau: karatasi inabaki giza, alama iliyofichwa inawaka. Thioflavini T, iliyoanza kutumika kutafuta amiloidi mwaka 1959, hufanya kazi karibu hivyo. Ikiwa kwenye maji haing'ai sana, maana molekuli yake inazungukazunguka na nguvu ya mwanga inapotelea humo. Ikinaswa ndani ya amiloidi haizunguki tena, basi inawaka.

Shida ni fuvu. Mwanga wa kawaida hauvuki mfupa na damu, na thioflavini T yenyewe haipenyi vizuri kuingia kwenye ubongo. Ndiyo maana watafiti wanatafuta kemikali zitoazo mwanga mwekundu usioonekana kwa macho. Nyingi bado zinajaribiwa kwa panya. Kwa binadamu, wanasayansi wa Pittsburgh, Marekani, waliibadili thioflavini, wakaipa mionzi ili ionekane kwa mashine. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha Uppsala, Sweden, mwaka 2002. Lakini mionzi hiyo hupungua nusu kila dakika 20, kwa hiyo si kitu cha kupakia kwenye basi la Makongolosi. Tena wapo wazee wenye amiloidi ambao hawajasahau lolote.

Kwetu kuna kipimo cha bei ya kiberiti. Wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulikuta takriban wazee 6 kati ya 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau. Kwa kuwa wengi hawakusoma, kipimo kilichotengenezwa huko hakidai kuandika: mzee anaulizwa leo siku gani, anataja wanyama, anakumbuka maneno, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa.

Ukiona dalili hizo, mpeleke zahanati mapema. Malaria, sukari, hata dawa anazotumia huweza kumvuruga mzee akili, na hayo yana matibabu.